UZI: Mgeni anayelala kifudifudi alfajiri akimngoja sange aamke, anatafuta nini hasa?

MwanaSokoke (mwenye uzi)
Jumapili usiku

Salaam jamani wa Malindi, Watamu na Gede, na nyinyi wa mbali mnaotusoma. Leo sina picha. Nina swali, na limenikaa kifuani tangu Alhamisi.

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni kuongoza wageni msituni Arabuko-Sokoke, mwaka wa kumi na mbili huu. Alhamisi nilimpata mama mmoja mtu mzima kutoka Uholanzi, mwalimu mstaafu, yeye na mjukuu wake wa miaka kama kumi na sita. Ndovu hawakuwauliza. Walisema wanataka kumwona sange akiamka, basi.

Kwa asiyemjua: sange wetu ni mnyama mdogo wa msituni, ana uzito wa nusu kilo hivi, pua ndefu kama mrija isiyotulia, miguu myembamba kama vijiti, na juu ya mkia ana baka la dhahabu linalowaka hata kwenye kivuli. Huyu wa baka la dhahabu hayuko popote duniani ila katika misitu ya pwani ya Kenya, na wengi wao wamo humu Sokoke.

Tukaingia giza bado halijapambazuka, umande unadondoka. Tukalala kifudifudi hatua kama kumi na tano kutoka kwenye rundo la majani nililolitia alama siku mbili kabla. Ukilipita hulioni, ni majani yaliyoinuka kidogo kama mtu amefagia akasahau kuzoa. Hicho ndicho kitanda chake. Tukangoja. Kulipokucha, majani yakatikisika, pua ikatoka, ikanusa, kisha mwenyewe mzima akachomoka. Akachakura majani, akala wadudu wake, akaenda zake. Yote hayo dakika nne, tano.

Mimi nikainuka nikidhani kazi imekwisha. Mama yule hakuinuka. Akasogea polepole mpaka karibu na kile kitanda, asikiguse, akakaa. Akaniuliza: ni kweli hukijenga asubuhi mapema? Nikamwambia ndiyo. Yule mtafiti Galen Rathbun aliwachunguza sange hapa Gede miaka ya 1970, na ndivyo ilivyoonekana: sange hujenga alfajiri majani yakiwa na umande, kwa sababu jani bichi halipigi kelele, na nyoka au ndege wa kuwinda hasikii. Tena ana vitanda kadhaa, hulala hiki leo, kesho kutwa kingine.

Basi mama akafungua mkoba, akatoa jani kavu alilookota jana yake mchana akaliweka. Akalikunja karibu na sikio langu. Kraa! Akaokota lenye umande, akalikunja sikio lile lile. Kimya. Akamfanyia mjukuu vivyo hivyo. Kisha akakaa pale saa nzima nyingine, macho yamemlenga machozi, anatazama kitanda kitupu.

Njiani nikampa pole kwamba hatukukutana na ndovu. Akanambia amemsomea mnyama huyu miaka thelathini, akawafundisha watoto wa watu habari zake, na alitaka kujua kama aliyoyafundisha ni kweli.

Miaka kumi na mbili nilidhani wageni wa namna hii wanakuja KUONA. Ndiyo maana nikawa nakimbia: twende hapa, twende pale, ndege ishirini kabla ya chai. Mwezi ujao nitawafunza vijana sita wanaotaka kazi hii. Niwaambie nini? Mgeni wa sayansi hasa analetwa na nini? Nisaidieni kwa yale mliyoyaona kwa macho yenu.

---

NahodhaMida

Kaka, nakujibu kutoka baharini. Nilianza kwa kuvua na marehemu baba, sasa nabeba wageni Watamu.

Kuanzia Julai hadi Septemba hivi nyangumi wenye nundu hupita kwetu wakitoka bahari za baridi huko kusini kabisa, wanakuja kuzaa kwenye maji ya moto. Mgeni wa kawaida anataka nyangumi aruke, yeye apige picha, turudi kabla jua halijakaza. Lakini wako wale wanaopanda na karatasi. Tumemwona saa ngapi, GPS inasema tuko wapi, wako wangapi, kuna mtoto? Wanataka picha ya chini ya mkia anapopiga mbizi, maanake mabaka ya mkia ule ni kama alama za vidole vya mtu, hakuna wawili sawa. Pomboo nao wanajulikana kwa pezi la mgongoni, lilivyokatika na makovu yake. Ukiweka picha ya mwaka huu na ya mwaka juzi pamoja, unasema: huyu amerudi.

Kuna kijana mmoja wa kike alitapika tangu tunatoka mlangoni hadi tunarudi. Nikamwambia mwanangu lala hapo kwenye kivuli, andika kesho. Akakataa. Akasema akiacha dakika kumi bila kuandika, siku nzima itakuwa na tundu, na atakayesoma hatajua kama nyangumi hawakuwapo au yeye ndiye hakutazama. Neno hilo sijalisahau. Siku hizi hata nikiwa peke yangu nikiona kitu naandika saa.

Jibu langu ndilo hilo: wanataka siku yao iingie katika hesabu ya watu wengi. Kalipa pesa yake, kapigwa na jua, lakini akifika kwao anajua ile namba ya Watamu ya siku ile ni yeye.

---

binti_wa_utalii

Shikamooni wakubwa zangu. Nasoma utalii Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi, mwaka wa tatu, na uzi huu umenigusa kuliko mihadhara ya muhula mzima.

Darasani tunaanza na Graham Dann, aliyeandika mwaka 1977 kwamba msafiri ana mambo mawili: kinachomsukuma kutoka kwao na kinachomvuta kwenda aendako. Sokoke inavuta: kuna sange, kuna bundi mdogo. Lakini kilichomsukuma yule mama kiko Uholanzi, katika darasa lake, miaka thelathini nyuma. Usipokiuliza hukijui.

Halafu kuna John Falk, aliyewachunguza wageni wa makumbusho na mabustani ya wanyama. Yeye aliwaona wa aina tano: mwenye udadisi, anayekuja kwa ajili ya mtu mwingine (mzazi na mtoto, kwa mfano), anayetaka aseme nimefika, mtaalamu au mwenye shauku maalumu, na anayekuja kupumzisha roho.

Mjomba MwanaSokoke, mama yako yumo katika aina zaidi ya moja. Amekuja kwa udadisi. Amemleta mjukuu. Na ile saa nzima kando ya kitanda kitupu, mimi naona roho yake ilikuwa inapumzika.

---

MwanaSokoke

Ahsante sana mwanangu. Hilo la kwamba kinachomsukuma kiko kwao limenifungua. Mimi sijawahi kumuuliza mgeni "ulianzaje kumpenda mnyama huyu?" Namuuliza ana darubini au hana, amevaa viatu gani.

Lakini nina wasiwasi kidogo na hizo aina tano. Mtu hubadilika njiani. Mjukuu aliingia msituni amenuna, ameletwa tu. Baada ya lile jani kukunjwa sikioni mwake ndiye alikuwa wa kwanza kuuliza: je, nyoka husikia mchakacho au huhisi mtikisiko wa ardhi? Huyo ni wa aina gani tena?

---

MamaVipepeo

Mwanangu, mie si msomi, lakini niseme langu.

Tulipokuwa wasichana tuliuona msitu kama jirani mbaya. Ndovu wanatoka wanamaliza mahindi, na ukiingia kukata mti unashikwa. Wengi wetu tulitaka ukatwe tugawiwe mashamba, nasema kweli tupu. Mradi wa Kipepeo ulipoanza pale Gede mwaka 1993 ndipo tukafundishwa: unamnasa kipepeo jike msituni kwa wavu, unamweka kwenye kizimba na mti anaoupenda, anataga, viwavi wanakula, wanageuka pupa, unapeleka pupa Gede unalipwa. Kutoka hapo zinapelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho, na lazima ziende upesi kabla kipepeo hajatoka njiani. Nimesomesha watoto watatu kwa pupa.

Sasa wageni. Kuna yule kipepeo mkubwa ambaye dume lake ni la manjano, lina mikia miwili. Majike hawafanani na dume hata kidogo, na hawafanani wenyewe kwa wenyewe: huyu anafanana na kipepeo mchungu wa aina hii, yule na mchungu wa aina nyingine. Ndege akishamla mchungu mmoja akatapika, hawagusi na hawa wanaofanana naye. Mimi nililijua zamani, kwa kuwa nilikuwa natia jike mmoja kizimbani, mayai yake yale yale yanatoa madume wote sura moja na majike sura mbili, hata tatu. Nilidhani nimechanganya viwavi. Nikarudia kwa uangalifu, yakatoka vile vile.

Siku moja akaja mzee mmoja, profesa, nikaambiwa maisha yake yote ni mambo ya kurithi. Alikaa kwenye mkeka wangu toka asubuhi hadi adhuhuri, ananiuliza MIMI. Wangapi wa sura hii, wangapi wa ile, mama yao alikuwaje. Nilikuwa na daftari langu la hesabu za pupa, akaligeuza kurasa kama msahafu. Alipoondoka alinishika mkono mikono miwili.

Kwa hiyo niwaambieni, wengine wanakuja kwa sababu kitu wanachokijua kwa vitabu, hapa kuna mtu anayekijua kwa mikono yake. Wafunze vijana wasimwache mgeni apite kijijini kama anapita jangwani.

---

NahodhaMida

Mama, Mungu akuzidishie. Hilo daftari usilitupe.

---

DarubiniMbili

Naomba nisimame upande mwingine, bila kumkosea mtu heshima. Mimi pia naongoza watu wa kutazama ndege, Sokoke, Mida na mlango wa Sabaki.

Mnavyosema ni kama kila mgeni ana machozi na daftari. Wengi ninaowapata wana ORODHA. Wametua Malindi na majina sita: bundi mdogo wa Sokoke, mnana wa Clarke, chozi wa Amani na wengineo. Wakimwona, wanatia alama, tunaondoka. Hawaulizi anakula nini. Na hao ndio wanaolipa vizuri, wanarudi, wanawaambia wenzao. Tusiwadharau.

Ila kuna jambo limeniuma na nataka vijana wako walisikie. Kampuni moja ya safari, jina naliacha, ilikuwa ikinitaka nimwite bundi kwa spika. Unapiga sauti yake iliyorekodiwa, yeye anadhani mwenzake amevamia mji wake, anakuja kupigana. Kikundi leo, kikundi kesho, jike na dume pale pale, msimu mzima. Mwisho wakaacha kuitika. Sijui kama walihama au walichoka tu kujibu uongo. Nilikwenda usiku peke yangu bila spika nikakaa, kimya. Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu mkono uliobonyeza ni wangu. Nimeacha kazi na kampuni ile.

---

MwanaSokoke

Kaka DarubiniMbili, ahsante kwa kusema hadharani, maana wengi tumefanya na tumenyamaza. Hata mimi niliitumia spika miaka ya mwanzo. Bundi yule ana urefu wa kiganja na vidole tu, kila usiku anaotumia kumtafuta adui asiyekuwapo ni usiku asiowinda.

Mimi siku hizi namtafuta mchana. Upande wa udongo mwekundu, kwenye kile kichaka kizito kinachokwaruza mikono, hulala dume na jike bega kwa bega, mmoja wa kijivu pengine na mwenzake wa rangi ya kutu. Inachukua asubuhi nzima kuwapata. Mgeni wa orodha mwanzoni hunung'unika. Lakini anapowaona wamelala, macho yamefumbwa nusu, mita tatu kutoka usoni pake, husahau kutia alama.

Nakubaliana nawe hatupaswi kumdharau mtu wa orodha. Nadhani orodha ni mlango tu. Swali ni kama sisi tunajua kuna chumba nyuma yake.

---

Mwalimu_Magarini

Nimesoma yote tangu juu. Naongeza kisa kwa ajili ya DarubiniMbili na watu wake wa orodha.

Mnana wa Clarke aliingizwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1913. Anaonekana Sokoke makundi kwa makundi juu ya miti ya miombo, kisha anatoweka. Anazaa wapi? Hakuna aliyejua. Watu walimtafuta kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2013, miaka 100 kamili, viota vikapatikana huku kwetu Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki, kwenye majani ya kinamasi kinachojaa maji msimu wa mvua tu. Na waliokuwamo katika kumtafuta ni wenyeji wa Dakatcha, watu wanaokijua kila kidimbwi kinapojaa na kinapokauka.

Niliwahi kumsimulia kisa hiki mgeni mmoja wa orodha tuliyekutana naye kwenye matatu. Alikuwa ameshamtia alama mnana wake asubuhi. Akatoa kitabu tena, akaniuliza Dakatcha inafikiwaje.

Sasa langu mimi. Katika uzi wote huu mgeni ni wa kutoka ng'ambo. Na mtoto wetu je? Nina wanafunzi wanaokaa mwendo wa saa moja kutoka msituni, na hawajaingia hata siku moja. Wanajua Sokoke kama mahali baba alikokatazwa kuni. Pale Ngomeni, wanapopita kwenda kuvua, kuna minara ya chuma baharini. Ni wangapi wanajua kwamba kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota, na kwamba waliipa jina UHURU? Setilaiti ile iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani. Pahala palichaguliwa kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dunia inapozunguka kwa kasi zaidi, na roketi inapata msukumo wa bure.

Tena mwaka 2001 trola, meli ya kukokota wavu, ilinasa hapa pwani ya Malindi silakanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dinosauri, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Nikiwasimulia watoto haya wanasimama kwenye madawati. Udadisi wanao. Hawajaalikwa tu.

Ndugu MwanaSokoke, katika kufunza vijana wako sita, nakuomba siku moja ya mazoezi mgeni awe ni darasa langu la sita.

---

DadaWaKasa

Mwalimu umenitoa machozi. Naunga mkono kwa moyo wote.

Mimi nafanya kazi ya kujitolea na kasa hapa Watamu. Kazi hii ilianza mwaka 1997, na mvuvi akimnasa kasa kwenye wavu bila kukusudia hupiga simu, tunakwenda, tunampima, tunamtia alama, tunamrudisha baharini au tunampeleka akatibiwe kama amejeruhiwa au ameshiba plastiki. Wageni huomba kuja nasi usiku kulinda viota. Huwaelezea kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi hutoa madume. Dunia ikizidi kupata joto, madume watapungua. Nikifika hapo huwa kimya kinaingia.

Kuna sababu moja hamjaitaja, nayo ninaiona sana. Wako wanaokuja kwa huzuni. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida wakati wa El Niño, matumbawe ya Malindi na Watamu yalipauka na mengi yakafa, ndani ya hifadhi za bahari ambazo zimelindwa tangu 1968. Kuzilinda na nyavu kulisaidia samaki, lakini maji ya moto hayaheshimu mpaka wa hifadhi. Nina mgeni, mwanamke wa makamo, aliyezamia hapa kabla ya 1998 akiwa kijana. Anarudi kila baada ya miaka michache, anakwenda kwenye bustani ile ile ya matumbawe, anapiga picha pembe ile ile. Nilimuuliza mbona unajiumiza. Akasema mtu akiwa na mgonjwa hospitalini, humtembelea.

---

MtuWaLamu

Kwetu huku Lamu wanakuja kwa ajili ya mikoko, maana zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya nzima iko kwetu, na wachache wanauliza nguva. Nguva wamebaki wachache mno kaskazini huku, hifadhi ya bahari ya Kiunga ipo tangu 1979 lakini bahati ya kumwona ni ndogo. Mzee wangu alimwona mara mbili maishani. Wageni wanakaa na wazee kama yeye kutwa nzima: ulimwona wapi, majani ya bahari yalikuwaje, alikuwa na mtoto? Wanarudi kwao bila kumwona, wameridhika.

Nilisikia kwao kwamba nguva na ndovu ni wa ukoo mmoja. Ni kweli?

---

MwanaSokoke

Ni kweli kabisa ndugu, na hapo ndipo palipo utamu. Vipimo vya DNA vimeonyesha kwamba ndovu, nguva, pimbi, muhanga na sange wametoka kwa babu mmoja hapa hapa Afrika. Sange watu waliwahi kumweka na virukanjia kwa sababu ya umbo. Kumbe ni wa ukoo mmoja na ndovu! Kwa hiyo Sokoke una ndovu anayeacha nyayo kubwa kama sinia, na pembeni ya nyayo ile kuna nusu kilo ya nduguye anachakura majani, na nyuma yake kurumbiza anamfuata aokote wadudu wanaoshtuka. Wote msitu mmoja, kilomita za mraba 420 tu.

Niliacha kusema hivi kwa wageni kwa kuwa nilidhani nitawachosha.

Mwalimu, nimekubali. Jumamosi ya wiki ijayo. Ruhusa ya kuingia nitaishughulikia mwenyewe. Watoto waje na nguo za rangi ya udongo, na kila mmoja aje na jani kavu moja mfukoni.

---

binti_wa_utalii

Mjomba, naweza kuja? Nitaandika maswali yote watakayouliza, bila kuchagua.

---

DarubiniMbili

Mimi nitaleta darubini. Ninazo mbili, za tatu na nne nitaazima. Spika itabaki nyumbani.

---

MwanaSokoke
Jumapili, wiki mbili baadaye

Nimewapa ahadi ya habari, habari ndiyo hii.

Walikuja watoto 31. Kuwalaza kifudifudi 31 kumngoja sange haiwezekani, hivyo vijana wangu sita wakawagawa, kila mmoja na watano, mmoja akapata sita, tukawatawanya mbali mbali. Makundi mawili yalimwona akitoka. Kundi moja lilimwona akikimbia tu, baka la dhahabu likipita kama cheche. Makundi matatu hayakuona kitu, na nilidhani hayo yatalia. Hayakulia. Yalikuwa yamekunja majani masikioni mwa wenzao hadi majani yakaisha, na kijana wangu mmoja akaulizwa maswali mpaka akanipigia simu.

Maswali aliyoandika binti_wa_utalii ni 74. Mengine: kwa nini sange awe na baka linalong'aa na yeye anajificha? (Nikawaambia ngozi ya pale ni nene kuliko ya mahali pengine, adui akivutwa na mng'ao akarukia pale, sange ana nafasi ya kuchomoka.) Kwa nini jike na dume wanamiliki eneo moja lakini kila mmoja analala peke yake? Kipofu akija msituni ataona nini? Hilo la mwisho nimekaa nalo wiki nzima, na nimeanza kutayarisha njia ya kusikia na kunusa.

Lakini swali lililonishika ni la msichana mmoja, ametulia, hakusema neno asubuhi yote. DarubiniMbili alikuwa amewaonyesha bundi wawili wamelala, akasema ndege huyu yuko Sokoke na Dakatcha, na kisha tena mbali Tanzania, Usambara. Msichana akauliza: kama hapendi kutoka kichakani, alifikaje ng'ambo ya pili?

Nilimjibu kwamba hakuvuka. Msitu ndio uliovunjika. Zamani hali ya hewa ilipokuwa na mvua zaidi, misitu ya pwani hii iliungana, kisha ukame ukaja ukaikata vipande, na watu nao tukaikata zaidi, bundi wakabaki kila mmoja na kipande chake. Akafikiri. Akasema, basi wale wa kule hawajui kama hawa wapo.

Mwalimu aligeuka akatazama upande mwingine. Nami pia.

---

MsituAmani_Tanga

Habari za huko. Mimi ni msomaji wa kimya kutoka Muheza, naongoza wageni Amani, Usambara Mashariki. Bundi huyo tunaye, kwenye misitu ya chini kabla hujapanda mlima, na chozi wa Amani tunaye pia, ni yule yule wenu.

Nimemsomea mke wangu swali la binti huyo. Mwalimu, shule zikifungwa, kutoka Malindi mpaka Lungalunga na kuvuka hadi Muheza ni safari ya siku moja mkiondoka mapema. Malazi na chakula cha yeye na mzazi wake ni juu yetu. Aje na daftari, aandike walivyoitika huku, kisha akalinganishe na wa kwao.

---

Mwalimu_Magarini

Nimeongea na bibi yake jioni hii. Ameuliza jambo moja tu: huko Usambara usiku kuna baridi? Amtafutie sweta.